Frieren: nusu ya kwanza dhahabu, ile nusu ya mtihani mnasifia nini?

Wakuu, jana nimebishana na mdogo wangu mpaka chai imepoa, yeye anasema Frieren ndo anime (katuni ya Kijapani) kali kuliko zote za fantasia na asiyeielewa hajatulia kichwani, mimi nasema ni nzuri ila mnaificha makosa. Naileta kwenu, matusi hapana.

Kwa ambaye hajaicheki: studio ya Madhouse ndo iliitengeneza, ikaanza kurushwa Septemba 2023, sizoni ya kwanza ina episodi 28. Frieren ni mchawi (usiwaze ungo wa usiku tafadhali), ni elfi (kiumbe kama binadamu ila anaishi miaka mingi mno), kaishi zaidi ya miaka 1000. Inaanzia pale anime nyingine zinapoishia, Mfalme wa Mashetani keshauawa, kundi la watu wanne, Frieren akiwemo, linarudi mjini baada ya safari ya miaka 10 ambayo kwake yeye ni kama wiki mbili tu. Anaaga, anarudi baada ya miaka 50, anamkuta Himmel shujaa wao kawa kizee kipara, haikai sana Himmel anafariki, na ni pale kaburini ndo analia kwamba miaka 10 yote kasafiri na mtu hakuwahi kujisumbua kumjua. Nani hapa hajawahi kusema nitaenda kumsalimia babu sikukuu ijayo, zikapita sikukuu tatu akaitwa msibani?

Na uzuri ni kwamba Himmel kafa episodi ya kwanza lakini tunazidi kumjua kila episodi, kijiji hiki kuna sanamu yake, kile kuna ahadi aliyoacha. Hapo sina neno, na muziki wa Evan Call unamaliza kabisa.

Sasa shida. Episodi ya 18 mpaka 28 ni mtihani wa wachawi wa daraja la kwanza. Wanamwagwa watu wapya kibao, majina ya Kijerumani hata hujashika nani ni nani washaanza kurushiana mawe na barafu. Mara wakamate ndege, mara waingie pangoni. Mitihani ya hivi tumeshaiona kwenye anime ngapi? Na Stark, mwenzake Frieren kwenye safari mpya, kwa kuwa ni mpiganaji wa shoka kawekwa pembeni kama mtoto aliyeachwa alinde begi.

— Mkuu hapo umeangalia huku unachati. Mtihani wote upo kwa ajili ya Serie, yule mchawi mkuu anayewasaili mwishoni. Anamuuliza Frieren uchawi gani anaupenda, anajibu ule wa kuotesha shamba la maua, Serie anamfelisha palepale. Halafu Fern, mwanafunzi wa Frieren, anafaulu, anaambiwa achague uchawi wowote duniani, anachagua wa kufulia nguo zikatakate! Hayo ndo majibu ya anime nzima, vita sio kila kitu.

— Mimi kinachonikera ni mashetani. Wote waongo, wote wauaji, hakuna hata mmoja wa kumhurumia, huo si uvivu wa mwandishi?

— Uvivu wapi dada. Kumbuka yule binti shetani aliyekuwa anaita "mama" pale anapotaka kuuawa, Himmel akamhurumia, mzee wa kijiji akamchukua amlee, akaja kumuua huyohuyo mzee. Anaulizwa kwa nini uliita mama, anasema kwa sababu mkisikia hilo neno hamniui. Nilisimamisha nikaenda kunywa maji.

— Inatisha nakubali, ila bado ni kabila zima limeumbwa baya tu, mwenzenu sijaridhika.

Nimerudi mwenye uzi. Ya Serie nakubali, ile ya kufua nguo nilicheka sana na nilikuwa nimeisahau, dada naye ana hoja ambayo hamjaijibu vizuri. Ila huo usaili unaousifia mkuu uko mwishoni kabisa mwa hizo episodi 11, zile za ndege na pango ungezikata nusu usingepoteza kitu. Na ya Stark hakuna aliyeigusa.