Mawe ya nyongo ya mama: dawa au kisu?

Binti Mkubwa: Wakubwa shikamooni. Mama, miaka 58, kilo 60, kapimwa altrasaundi: vijiwe vitatu kwenye mfuko wa nyongo, kikubwa milimita 8. Akila chipsi tu, maumivu yanamshika chini ya mbavu za kulia mpaka begani. Daktari wa kwanza kasema operesheni, wa pili kamwandikia ursodeoksikoli. Mama kisu hataki hata kukisikia. Mliopitia, afadhali ipi?

Mzee wa Zamu: Pole mwanangu. Dawa hiyo huyeyusha jiwe la kolesteroli tu, dogo, lisilo na chokaa, na mfuko uwe bado unakamua nyongo. Ulizeni kuhusu CT skani. Chokaa huonekana vizuri huko. Dozi ya kawaida ni miligramu 8 hadi 10 kwa kilo, yaani kwa uzito wa mama kama vidonge viwili vya 300 kwa siku. Miezi 6 hadi 24, si wiki mbili!

Kibibi: Nilimeza miezi 14, droo ikajaa maboksi matupu. Vijiwe vikaisha kweli, nikashangilia. Mwaka wa tatu vikarudi vyote. Ndipo nikakubali operesheni ya matundu: manne, kesho yake niko kwangu.

Msambaa: Mafuta ya zeituni na ndimu usiku, asubuhi mawe ya kijani yanatoka chooni. Nimeyaona kwa macho yangu.

Mzee wa Zamu: Hiyo ni sabuni, mkuu. Mafuta yameganda tumboni. Yaweke penye joto uone kama hayajayeyuka.

Kaka Mtu: Mdogo wangu ana siko seli. Mawe yake meusi, yanatokana na damu inayovunjika. Dawa hiyo haiyagusi.

Binti Mkubwa: Mama anauliza, mfuko ukitolewa atakulaje?

Kibibi: Mwambie nyongo inatengenezwa na ini, mfuko ni ghala tu. Mimi wiki za mwanzo niliharisha kidogo, sasa wali wa nazi nafuta sahani. Kwa maoni yangu vidonge ni vya asiyeweza nusu kaputi, labda moyo mbovu.

Mzee wa Zamu: Hata anayemeza dawa, akipata homa au macho yakiwa manjano, hospitali usiku huohuo.

Binti Mkubwa: Asanteni. Kasoma hapa, kaniuliza hayo matundu ni makubwa kiasi gani.

Kibibi: Kubwa kuliko yote liko kitovuni, halizidi ncha ya kidole gumba.