Rehema na ile F ya zamani (gumzo la kikundi cha ukoo)

Rehema: Habari za jioni wote. Nisiwazungushe, mwezi ujao natuma maombi ya kusoma udaktari. Miaka 36 ninayo najua msinikumbushe, fomu nishaanza kujaza

Mama: Eh mwanangu. Udaktari huu wa hospitali?

Rehema: Kwani kuna mwingine mama 😂

Anko Shabani: Wa mifugo upo

Shangazi Mwajuma: Hongera mama. Ila zile maksi zako za chuo, si ndo ulikuwa unanipigia unalia kila semesta

Rehema: Ndo hapo shangazi. GPA, yaani wastani wa maksi zote, 2.7 kati ya 4. Na ile F ya kemia oganiki imekaa pale kwenye transkripti, ile karatasi ya matokeo, kama doa la mafuta

Anko Shabani: F rudia somo, inafutika. Mtoto wa jirani alifanya hivyo

Baraka: Anko samahani hapo nakukatiza maana nimepita njia hiyo hiyo, haifutiki. Chuo chako kinaweza kuibadilisha kwenye karatasi zao lakini ukiomba shule za udaktari hapa Marekani kupitia AMCAS, ule mfumo wa pamoja wa kutuma maombi, wanahesabu zote mbili, ile F na ile uliyorudia. Za osteopathi, ule udaktari wa aina ya pili hapa wenye mfumo wake wa maombi, zamani walikuwa wanachukua ya mwisho tu, wakaacha 2017. Mi nlikuja kuomba wameshaacha, bahati yangu hiyo

Anko Shabani: Basi asiwapelekee ya chuo kile cha kwanza

Baraka: Anko!! Wanataka transkripti ya kila chuo ulichosajiliwa hata kama uliacha wiki ya tatu. Ukificha wakajua, hapo hata ungekuwa na A tupu umekwisha

Anko Shabani: Mi nasaidia tu jamani

Rehema: Baraka nimechukua masomo mawili mwaka huu yote A. Haisaidii?

Baraka: Inasaidia dada ila ngoja nikupigie hesabu tusidanganyane. Una krediti 120 kwa 2.7, hizo ni pointi 324. Ukisoma krediti 30 upate A zote, A ni pointi 4, unaongeza 120, jumla 444 gawa kwa 150, unapata 2.96. Mwaka mzima wa msuli bila kukosea hata kidogo na bado hujagusa 3.0. Krediti 60 ndo unafika kama 3.13. Na GPA ya sayansi wanaihesabu peke yake, baiolojia kemia fizikia na hesabu, hiyo ya kwako itakuwa chini zaidi

Rehema: 😶

Shangazi Mwajuma: Sasa si bora angeacha

Baraka: Sijasema aache shangazi. Namba ya jumla ni nzito kama jiwe haisogei, wanaosoma fomu wanalijua hilo. Wanachoangalia ni mwendo, yaani huyu wa miaka 20 aliyefeli na huyu wa leo ni mtu yuleyule au? Masomo mawili hayatoshi kujibu hilo swali. Mi nlihitaji krediti 45, bayokemia fiziolojia vitu vigumu vigumu, na mwaka wa kwanza nliomba kabla sijazimaliza nikatuma shule 22. Intavyu sifuri. Hela imeenda, mwaka umeenda, af ukiomba mara ya pili wengine wanakuuliza umebadilisha nini toka mara ile

Mama: Lakini muda baba. Akisubiri tena si ndo anazeeka

Rehema: Mama miaka minne ya shule na isiyopungua mitatu ya mafunzo hospitalini baada ya hapo. Mwaka mmoja juu ya saba

Anko Shabani: Kuna shule za visiwa vya Karibiani huko zinachukua yeyote, nimeona tangazo

Baraka: Kuingia rahisi anko, shughuli ni kutoka, na kupata nafasi ya mafunzo ukirudi huku ni ngumu zaidi kuliko aliyesoma hapahapa. Mi nngeiweka mwisho kabisa

Shangazi Mwajuma: Kuna yule mama wa Uingereza aliyeanzisha zile nyumba za kutunza wagonjwa wasiopona, Cicely Saunders. Alikuwa nesi, mgongo ukamsumbua, akawa ofisa ustawi wa jamii, udaktari kaanza na miaka 33 kamaliza 1957 anakaribia 39. Nyumba yenyewe ikafunguliwa 1967. Tulifundishwa kozini

Anko Shabani: Alikuwa na F?

Shangazi Mwajuma: Shabani nenda kalale

Rehema: 😂😂 Sawa, na MCAT je, ule mtihani wa kuingilia udaktari? Nlitaka niufanye mwezi huu nione tu nimesimama wapi

Baraka: Usiufanye "kuona tu" dada nakuomba. Kuona fanya mitihani ya mazoezi nyumbani. Ule wenyewe shule zinaona kila matokeo. Mara tatu kwa mwaka, nne kwa miaka miwili mfululizo, saba maisha yote basi. Unaweza kukataa matokeo palepale ukimaliza kabla hujaona maksi ila inahesabika ushafanya. Maksi zinaanzia 472 mpaka 528, mwenye GPA kama yetu akija na 500 ya katikati hajamshtua mtu

Rehema: Nimeelewa. Basi angalau insha someni, ya kwa nini nataka udaktari. Mwisho herufi 5,300 pamoja na nafasi. Naibandika kwenye faili hapo

Rehema: [faili]

Shangazi Mwajuma: Nimesoma. Nzuri lakini ndefu kwenye kuugua

Baraka: Dada nimehesabu, zaidi ya nusu ni F na kwa nini ulipata F

Mama: Rehema

Rehema: Abee mama

Mama: Hukuniambia ulifeli mwaka ule

Rehema: Mama ulikuwa na mengi. Mimi nafanya kazi usiku, mchana niko na baba wodini, nngekwambia na hilo

Mama: Nimesoma mpaka mwisho. Baba yako usimfanye udhuru. Alikuwa anaumwa ndiyo, ila wewe umeandika kama vile yeye ndo alifanya mtihani

Baraka: ...

Anko Shabani: Dada hapo umemaliza

Rehema: Sikukusudia hivyo mama

Mama: Najua. Hapo wodini unapofanya kazi sasa unafanya nini? Hujaandika. Miaka minne unatoka asubuhi macho mekundu, kwenye insha sikuoni

Rehema: Mama kuosha wagonjwa, kulisha, kugeuza. Wiki iliyopita kulikuwa na mzee wa kiharusi, kila akimeza maji anakohoa kidogo tu kistaarabu anajifuta mdomo. Familia wanasema ndo kawaida yake. Mi nikaona sauti yake inabadilika kila baada ya funda, inakuwa ya majimaji kama ana kitu kooni. Nikaweka kikombe chini nikamwita nesi. Wakasimamisha kila kitu cha mdomoni mpaka apimwe kumeza, kumbe maji yalikuwa yanaingia njia ya hewa. Angepata nimonia pale pale kwa kikombe changu

Shangazi Mwajuma: Subhanallah

Rehema: Af nikabaki nataka kujua ni mshipa gani wa fahamu umekufa mpaka koo lisijue kufunga. Nesi akaniambia nenda kamuulize daktari. Nikaenda

Baraka: Dada hii ndo insha. Ile F mpe sentensi mbili, imetokea, nilibadilisha hiki na hiki, basi

Mama: Na tuma mwakani

Rehema: Mama si ulisema nazeeka

Mama: Nilikuwa sijapigiwa hesabu

Rehema: Haya. Baraka nitumie orodha ya masomo uliyochukua

Baraka: Kesho nikitoka wodini

Rehema: Insha nimefuta yote. Herufi 5,300 zimerudi

Anko Shabani: Ile ya mifugo wanataka herufi ngapi?