Lishe, umetaboli na sumu za chakula: kemia yake ni nzito?

Assalaam alaykum. Mimi ni wa Langoni, Lamu. Nimepata nafasi ya kusomea sayansi ya lishe, na ndani yake kuna umetaboli, yaani jinsi mwili unavyokivunja na kukitumia chakula, na sumu za chakula. Naogopa nisije nikawa wa kukariri majina tu. Aliyepitia anisaidie.

Dada wa Shela: Waalaykum salaam, mdogo wangu. Niko mwaka wa tatu. Usikariri, ifuate sumu inavyopita mwilini. Chukua muhogo mchungu: una kemikali iitwayo linamarini, na ukikunwa au kutafunwa hutoa sumu ya sayanidi. Mwili nao una njia yake. Kimeng'enya kiitwacho rodanesi huipachika sayanidi salfa, ikawa thiosayaneti, ikatoka kwa mkojo. Salfa hiyo hutoka kwenye protini! Ndiyo maana anayekula muhogo mchungu usiolowekwa vizuri, siku nenda siku rudi, bila samaki wala kunde, ndiye hupatwa na konzo, miguu ikapooza. Mimi hapo ndipo nilipolipenda somo hili.

Mvuvi Matondoni: Na samaki bunju, mwenye sumu? Sisi humtupa. Akichemshwa sana je?

Dada wa Shela: Endeleeni kumtupa, kaka. Sumu yake, tetrodotoksini, haivunjiki kwa moto wa jikoni. Huziba njia za sodiamu kwenye neva, misuli ya kupumua ikalegea. Dawa ya kuiondoa haipo. Aliyemla akianza kufa ganzi midomo, mkimbizeni hospitali asaidiwe kupumua.

Muulizaji: Shukran, dada. Naanza na rodanesi usiku huu.