Ushauri: Draiva ya keneli kwenye mashine pepe fiche, je, kosa likitokea ombi litumwe tena?

Mpitia_Viraka: Wakuu, heshima kwenu. Nimepewa kiraka (mabadiliko ya msimbo) cha draiva ya mgeni, yaani mashine pepe yenyewe, wa SEV-SNP, teknolojia ya AMD ya kuficha kumbukumbu ya mashine pepe; ni ile ya /dev/sev-guest, nikipitie. Kwa wasioigusa: mashine pepe inaomba ripoti ya uthibitisho kwa prosesa ya usalama ya AMD, na ujumbe unapitia kwa mwenyeji, yaani mfumo unaoiendesha mashine pepe, ambaye hatumwamini. Unasimbwa kwa njia ya AES-GCM, na namba ya mfuatano ndiyo IV, thamani isiyopaswa kurudiwa kwa ufunguo uleule. Sasa mwandishi anataka mwenyeji akirudisha kosa, draiva isipandishe namba, isimbe ombi upya na kulituma. Anadai kufuta ufunguo kwa kosa moja ni ukali uliopitiliza. Nimpitishie?

Keneli_Kwanza: Thubutu! Mwenyeji anaweza kusema imeshindikana kumbe ujumbe ameshaunakili. Ombi la pili likiwa na maudhui tofauti, ufunguo uleule na IV ileile, akizilinganisha jumbe mbili zilizosimbwa biti kwa biti (XOR) anapata tofauti ya matini mbili, na mlango wa kughushi ujumbe unafunguka. Linux iliziba tundu hili 2022: kosa likitokea, draiva inafuta VMPCK, ufunguo wa kusimbia jumbe hizi. Basi.

Bibi_Bafa: Kuna kurudia kunakoruhusiwa, msimtishe. Mwenyeji akisema bafa ya vyeti (nafasi ya kupokelea vyeti vinavyoambatana na ripoti) ni ndogo, unatuma ujumbe uleule uliokwisha kusimbwa, baiti kwa baiti, safari hii bila kudai vyeti, ili namba isonge. Akisema kaelemewa, vilevile: unangoja, unatuma uleule.

Mpitia_Viraka: Aisee. Humu mstari wa kusimba uko ndani ya kitanzi.

Keneli_Kwanza: Autoe nje. Jibu nalo analisomaje? Inabidi alinakili kwanza kutoka ukurasa wa kumbukumbu anaoshiriki na mwenyeji hadi kumbukumbu ya siri, ndipo akague kichwa na kusimbua. Akikagulia kulekule, mwenyeji anabadilisha data katikati ya ukaguzi.

Bibi_Bafa: Usisahau njia ya kutokea, huko ndiko wengi hawasomi. set_memory_encrypted(), inayozirudisha kurasa za pamoja kuwa za siri, ikishindwa, kurasa hizo zisiachiliwe, ziache zipotee. Zikirudi kwenye hazina, keneli itawagawia wengine zikiwa bado wazi kwa mwenyeji.

Mpitia_Viraka: Anaziachilia bila hata kutazama thamani iliyorudi. Nimemrudishia kiraka. Anauliza: si mwenyeji atachokoza makosa makusudi ili ufunguo ufutwe, mgeni akose ripoti?

Keneli_Kwanza: Atafanya, ndiyo. Lakini huyohuyo anaweza kuizima mashine nzima muda wowote. SEV-SNP inalinda siri na uadilifu wa kumbukumbu; huduma kupatikana haijawahi kuahidi.