Mjadala: Je, jaribio la F likishaonyesha tofauti, LSD inatosha?

Swali lililoletwa hapa ni iwapo, baada ya ANOVA (uchanganuzi unaotumia jaribio la F kupima makundi yote kwa pamoja) kuonyesha kwamba wastani wa makundi haulingani, mtafiti aruhusiwe kulinganisha kila jozi kwa LSD ya Fisher (jaribio linalopima kila jozi peke yake), au atumie jaribio kali zaidi kama la Tukey, linalodhibiti makosa ya jozi zote kwa pamoja. Mchangiaji aliyetangulia anashikilia kuwa F ni kinga tosha dhidi ya kutangaza tofauti zisizokuwepo. Sikubaliani naye hata kidogo.

Tuchukue makundi sita, matano yakiwa na wastani ule ule na la sita likiwa mbali nayo. F itaonyesha tofauti karibu kila mara kwa sababu ya hilo moja tu, na ikishapita, jozi kumi zilizomo katika yale matano zinapimwa kila moja kwa kiwango cha 5% (uwezekano wa kutangaza tofauti pale isipokuwepo) bila kinga yoyote. Sampuli zikiwa kubwa, uwezekano wa kutangaza angalau tofauti moja isiyokuwepo unafika takriban 29%. Makundi yakiwa matatu, kinga hiyo ni ya kweli, kwa kuwa moja likijitenga inabaki jozi moja tu ya kukosea. Yakizidi matatu, tunajidanganya.

Nakiri kwamba Tukey ana gharama yake. Kwa makundi hayo sita, tofauti inapaswa kuzidi kosa sanifu lake (kipimo cha jinsi inavyoyumba kwa bahati tu) mara 2.85 hivi, ilhali LSD huridhika na mara 1.96, kwa hiyo tofauti ndogo ya kweli yaweza kupotea, na mwenye sampuli chache ana haki ya kulalamika. Lakini asipunguze ukali, apunguze maswali. Ikiwa anachotaka kujua ni kama kila tiba kati ya tano inalishinda kundi la udhibiti (lile la kulinganishia), ana milinganisho mitano, si kumi na mitano, na jaribio la Dunnett la mwaka 1955 lilitungwa kwa kazi hiyo hasa.

Sharti ninalosisitiza ni kwamba uchaguzi huo ufanywe kabla ya kuziona data. Anayejaribu LSD, kisha Tukey, kisha Duncan (jaribio jingine la kulinganisha jozi), akaripoti lile lililompendeza, hana tena haki ya kuandika 5%. Wanaoitetea LSD kwa makundi mengi watueleze: zile jozi kumi zinalindwa na nini?