Rochdale 1931–32: pointi 11 katika mechi 40, na bado wakabaki kwenye Ligi. Ilikuwaje?

Mwanaushirika:

Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa ushirika, na jina la Rochdale nililisikia darasani kabla sijajua kwamba huko kuna timu ya mpira. Sisi tulifundishwa habari za wale wafumaji wa mwaka 1844 waliochanga fedha wakafungua duka Toad Lane, wakauza unga, siagi na sukari kwa mizani ya haki, kila mwanachama kura moja. Kanuni zao ndizo vyama vyetu vya msingi vilizikuta, na KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, ilipoundwa Kilimanjaro mwaka 1933 ilikuwa inatembea kwenye njia ileile.

Sasa mjukuu wangu ana tabia ya kupekua misimamo ya zamani ya ligi ya Uingereza. Akanionyesha Daraja la Tatu Kaskazini, msimu wa 1931–32. Rochdale wapo mkiani: mechi 40, ushindi 4, sare 3, kufungwa 33. Mabao ya kufunga 48, ya kufungwa 135. Pointi 11, maana enzi hizo ushindi ulikuwa pointi 2. Katikati hapo walipoteza mechi 17 mfululizo, toka Novemba hadi Machi.

Nina maswali mawili. Mji ule wenye historia ile, timu yake ilifikaje pale? La pili ndilo linanisumbua zaidi: msimu uliofuata Rochdale wapo tena, daraja lilelile. Kwetu ukishika mkia unashuka, hakuna mjadala. Nani aliwabakiza?

KipaMstaafu:

Mzee, heshima kwako. Kwa vichapo mfululizo kuna waliowazidi: Darwen, nao ni wa Lancashire hukohuko, walifungwa 18 mfululizo msimu wa 1898–99. Kwa hiyo Rochdale wamekosa rekodi kwa mechi moja.

Kuhusu 135, mimi niliyekaa golini nisaidie kidogo. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa. Zamani mshambuliaji alitakiwa awe na wapinzani watatu mbele yake, wakapunguza wakawa wawili. Daraja la Kwanza peke yake mabao yaliruka toka 1,192 msimu wa 1924–25 hadi 1,703 msimu uliofuata. Timu zenye akili zilimrudisha nyuma kiungo wa kati akawa beki wa tatu. Zilizochelewa kujipanga zilikuwa zinaacha uwazi mkubwa katikati, na kipa ndiye anayelaumiwa. Miaka ile kufungwa zaidi ya mia halikuwa jambo la ajabu. Nelson walifungwa 136 msimu wa 1927–28, Merthyr Town 135 msimu wa 1929–30. Ila hao walicheza mechi 42. Rochdale walifikisha 135 katika 40.

Mdigo wa Oldham:

Shikamoo mzee. Niruhusu nijibu kwa kirefu, maana mimi naishi jirani na Rochdale, uwanjani kwao Spotland naingia, nasimama na wazee pale upande wa Sandy Lane, na timu hii naipenda kwa dhati. Inaniuma watu wakiutaja msimu ule kwa kuhesabu mabao tu.

Ukitaka kuelewa 1931, anza na 1924. Msimu wa 1923–24 Rochdale walimaliza wa pili wakiwa na pointi 62. Wolves walikuwa na 63. Katika mechi 42 Rochdale walifungwa mabao 26. Narudia, 26, kwenye mechi 42. Lakini kila kanda ya Daraja la Tatu, Kaskazini na Kusini, ilipandisha timu moja tu. Hakuna mchujo, hakuna nafasi ya pili. Wolves wakaenda, Rochdale wakabaki. Mwaka 1927 wakawa wa pili tena, safari hiyo Stoke ndio waliopita.

Ile pointi moja tuitazame kwa macho ya mweka hazina. Manchester United msimu wa 1924–25 walikuwa Daraja la Pili. Rochdale wangepanda, United wangekuja Spotland, safari fupi kabisa kwa treni, uwanja ungejaa na sanduku la viingilio lingejaa. Badala yake waliendelea kucheza na timu za miji midogo yenye shida kama zao. Klabu ikikaa chini muda mrefu inauza wachezaji wazuri ili ilipe mishahara ya waliobaki. Mshahara wa juu kabisa nchi nzima ulikuwa pauni 8 kwa wiki, na hata hiyo kwa klabu za chini ilikuwa fedha nyingi.

Halafu pamba ikaanguka. Rochdale ulikuwa mji wa kusokota pamba na kufuma flana, na Lancashire yote iliishi kwa kuuza nguo nje. Mwaka 1913 waliuza nje yadi zipatazo bilioni 7. Baada ya vita Japani ikaingia sokoni, India ikaanza kufuma na kugomea vitambaa vya Kiingereza, na ulipofika mdororo wa 1930 viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Septemba 1931 Gandhi mwenyewe alikuja huku, akafika Darwen, hao hao wa vichapo 18, akakutana na wafanyakazi waliokosa kazi kwa sababu ya mgomo wake. Walimpokea vizuri. Jambo hilo huwa linanigusa sana.

Sasa piga hesabu ya mtu mmoja. Kiingilio cha chini kwa mwanaume kilikuwa shilingi moja, Ligi ndiyo iliyoweka, klabu haikuruhusiwa kushusha. Posho ya asiye na kazi, kijana asiye na familia, vuli ile ilikatwa toka shilingi 17 hadi shilingi 15 na pensi 3 kwa wiki. Humo kuna kodi ya chumba, mkate, makaa ya mawe, maana huku Novemba bila makaa hulali. Na Novemba hiyohiyo ukaanza uchunguzi wa mapato ya nyumba nzima: ofisa anaingia ndani, anauliza mtoto analeta kiasi gani, babu ana akiba gani, akikuta kitu posho inapungua. Shilingi ya mpira itoke wapi? Atoe akaone timu inafungwa?

Ndani ya msimu wenyewe kulikuwa na msiba mwingine kwa jirani. Wigan Borough walishindwa kabisa kujiendesha, wakajitoa kwenye Ligi tarehe 26 Oktoba 1931 wakiwa wamecheza mechi 12. Ilikuwa mara ya kwanza klabu kujitoa katikati ya msimu. Matokeo yao yote yakafutwa, ndiyo maana mzee unaona mechi 40 badala ya 42. Wiki chache baadaye Rochdale wakaanza zile 17. Siku ya Krismasi walikwenda kwa Tranmere Rovers wakafungwa 9–1. Enzi hizo Krismasi ilikuwa siku ya mpira, wachezaji waliamka asubuhi wakaacha watoto na zawadi zao. Kichapo kile bado kimo kwenye orodha ya vikubwa vya klabu hadi leo.

Sasa swali lako la pili. Hapakuwa na kushuka daraja toka Daraja la Tatu, kwa sababu chini yake hapakuwa na daraja la Ligi. Timu mbili za mwisho kila kanda zilipiga magoti kwenye mkutano mkuu wa kiangazi na kuomba zichaguliwe upya, na sauti kubwa ilikuwa ya klabu za Daraja la Kwanza na la Pili. Zilizokuwa nje zilikuja kuomba nafasi hizohizo. Mara nyingi wapiga kura waliwarudisha wenzao waliowazoea.

Lakini usidhani ilikuwa bure. Mwaka 1931 walimtoa Nelson, wakamchukua Chester. Nelson! Timu iliyochukua ubingwa wa Kaskazini mwaka 1923, kiangazi hicho ikaenda Hispania ikaifunga Real Madrid 4–2. Miaka minane baadaye ikatupwa nje ya Ligi ikiwa na pointi 19. Rochdale mwaka uliofuata walikuwa na 11 na wakabaki. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 1932 Kaskazini tayari palikuwa na pengo la Wigan Borough. Ligi ilikuwa inatafuta timu za kujaza, hata Mansfield Town wakahamishwa toka Kusini kuja Kaskazini. Kwa mtazamo wangu, kufa kwa Wigan ndiko kulikowaokoa Rochdale.

Msimbazi Asilia:

Kaka umeandika vizuri ila sikubaliani na habari ya pamba. Mdororo uliwakumba wote. Lincoln City walichukua ubingwa wa kanda hiyohiyo msimu huohuo. Mbona wao hawakufungwa 135? Timu mbovu ni timu mbovu. Tukianza kuwatafutia sababu za uchumi, hata sisi huku kila kocha anayefukuzwa atasema bei ya mafuta imepanda.

Mdigo wa Oldham:

Hoja yako nzito na nakuongezea nyingine ya kunipinga. Lincoln na Gateshead walimaliza sawa, pointi 57 kila mmoja, Lincoln wakapita kwa wastani wa mabao. Gateshead wako ukingo wa Tyne, ambako viwanda vya meli vilikuwa vimelala na watu wasio na kazi walikuwa wengi kupindukia. Klabu yenyewe ilikuwa imehama toka South Shields mwaka 1930 kwa kufuata watazamaji. Hawa walikuwa maskini kama Rochdale na nusura wapande daraja. Kwa hiyo ni kweli, njaa ya mji haikupigi bao tisa.

Ninachosema ni kwamba umaskini ulimnyima Rochdale njia ya kurudi. Timu tajiri ikifungwa mechi tano inanunua beki Desemba. Timu isiyo na kitu ikifungwa tano, watu hawaji, wasipokuja hakuna fedha ya beki, bila beki unafungwa ya sita. Kikosi chochote kinaweza kuwa kibovu mwezi mmoja. Kubaki kibovu toka Novemba hadi Machi kunataka klabu isiyo na hata pauni ya ziada, na wachezaji ambao Jumatatu wanakutana na majirani waliokosa kazi, wakijua kwamba na wao mkataba ukiisha kiangazi wanaweza kuungana nao. Mimi siwezi kuwaita watu hao wabovu tu nikaishia hapo. Walivaa jezi mara 40.

Hata fedha nayo si kila kitu, nakubali. Thames walianzishwa mashariki mwa London, wakacheza kwenye uwanja wa Custom House wa kubeba watu 120,000. Tarehe 6 Desemba 1930, Jumamosi, wakacheza na Luton Town mbele ya watu 469. Uwanja mkubwa, mji mkubwa, na hakuna aliyeiona timu ile kuwa yake. Mwaka 1932 walishika mkia wa Kusini na hawakuomba hata kuchaguliwa upya, wakaondoka. Rochdale walikuwa na pointi chache kuliko wote lakini kulikuwa na watu wa kuomba kwa niaba yao.

KipaMstaafu:

Kwa wanaodhani Kaskazini ilikuwa ya vibonde watupu: Januari 1933 Walsall, wa kanda hiyohiyo, waliwafunga Arsenal ya kocha Herbert Chapman 2–0 kwenye Kombe la FA. Tommy Black wa Arsenal alisababisha penalti, na kabla wiki haijaisha Chapman alikuwa ameshamuuza Plymouth. Ukicheza kila Jumamosi na watu wa namna hiyo ukiwa huna kikosi, 135 inawezekana.

Mwanaushirika:

Marahaba kijana wangu, na ahsanteni wote. Habari ya kura imenifungua macho. Kumbe klabu za mpira nazo zilikuwa na mkutano mkuu na wanachama wanaopigiana kura, ila tofauti na wale wa Toad Lane, kura hazikuwa sawa, mkubwa alikuwa na sauti kumzidi mdogo. Hilo wafumaji wa 1844 wasingelikubali. Mimi nisingelikubali pia: mwenye njaa anahukumiwa na waliokula.

Swali la mwisho. Baada ya kukosa kwa pointi moja mwaka 1924, walipanda lini?

Mdigo wa Oldham:

Mwaka 1969, mzee. Miaka 45 baadaye, na walipanda toka Daraja la Nne kwenda la Tatu, si la Pili. Katikati hapo waliwahi kufika fainali ya Kombe la Ligi mwaka 1962 wakiwa Daraja la Nne, wakafungwa na Norwich. Mwaka 1974 walishuka tena, msimu ule walishinda mechi 2 kati ya 46. Wakapanda tena 2010. Mwaka 2023 ndipo walipotoka kwenye Ligi, baada ya miaka 102, na safari hii hakukuwa na kura ya mtu. Msimu mpya ulipoanza, wazee wa Sandy Lane walikuwa wameshakata tiketi.