Mawakala wa poka mnaowaambia wanaoanza wafungue meza nane, mnawamaliza vijana

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa kubeti mpira, hili ni jambo jingine kabisa.

Nipo kwenye kundi moja la poka la Telegram ambalo silitaji jina. Limejaa vijana, na kila anayeingia mpya anapokelewa na ujumbe uleule wa wakala, yaani mtu anayesajili wachezaji kwenye tovuti ya poka: kucheza meza moja tu mtandaoni kwa wakati mmoja ni kupoteza muda, anza na nne, ukizoea fungua nane. Kijana bado hajui kama yeye ni mshindi au mpotezaji. Hajui kwa nini anayeongea wa mwisho, yaani anayeamua baada ya wenzake, ana nguvu kuliko anayeongea wa kwanza. Tayari anaambiwa afungue nane! Na akiuliza kwa nini mtaji umekatika, jibu ni lilelile: ongeza migao (mgao ni mzunguko mmoja wa karata kugawiwa na kuchezwa), bahati itarudi.

Nimekereka kwa sababu najua wakala analipwa vipi. Karibu kila mgao ukifika mbali, tovuti inakata asilimia yake kwenye pesa ya katikati. Kwenye meza ndogo mara nyingi ni kama asilimia 5, yenye kikomo. Fungu la makato hayo anarudishiwa aliyekuleta. Halipwi kwa wewe kushinda, analipwa kwa wewe kucheza. Migao ikiwa mingi, makato yanakuwa mengi, na fungu lake linanenepa. Kwa hiyo anapokwambia meza nane anakupa hesabu ya mfuko wake, na anaivalisha nguo ya ualimu.

Tupige hesabu, maana hawa jamaa wanakwepa hesabu. Meza ya mtandaoni ya watu sita inatoa kama migao 75 kwa saa. Kasino ya kukaa ana kwa ana inatoa kama 25 au 30, yaani hata hiyo meza moja tu wanayoidharau tayari ni mbio. Sasa chukua mtu anayeanza, anayepoteza blaindi kubwa 10 (dau la lazima linalowekwa kabla ya karata, ndilo kipimo chetu hapa) katika kila migao 100. Huyo si mchezaji mbovu kupindukia, ni mtu wa kawaida ambaye hajasoma mchezo. Kwenye meza moja atapoteza blaindi saba na nusu kwa saa, na mtaji wake wa blaindi 100 utamkalisha saa 13 na zaidi. Saa 13 za kuangalia, kuuliza, kujifunza. Mfungulie meza nane: migao 600 kwa saa, blaindi 60 zinaondoka kila saa. Mtaji uleule haufiki saa mbili. Na hapo nimempa upendeleo, kwa sababu nimechukulia kwamba kwenye meza nane anacheza vizuri kama kwenye moja. Hachezi hivyo.

Nimeona kwa macho. Dogo mmoja wa mtaani kwetu, mwanachama wa kundi hilohilo, nilikuwa nimekaa pembeni yake. Laptop ya inchi 14, madirisha sita yamepandana, kila moja linaruka mbele zamu yake ikifika. Dirisha la chini kushoto amepata ree mbili, ya kopa na ya shupaza, karata bora kuliko zote za kuanzia. Amepandisha dau, jamaa wa mbele yake akapandisha tena juu yake. Ndicho kitu unachokiomba usiku kucha. Wakati huohuo dirisha jingine lina saba na mbili, karata mbovu za kutupa, anapeleka kishale kutupa, dirisha la ree likaruka mbele sekunde ileile. Akabonyeza. Ree zikaenda. Hakushtuka hata kidogo, maana tayari meza ya tatu ilikuwa inamhesabia muda. Mimi ndiye niliyemwambia. Akanitazama kama nimemwamsha usingizini, akasema "zipi?"

Hakujua kwamba alikuwa na ree. Huyo ndiye mnamwambia aongeze mbili zifike nane.

Halafu kila nikilisema hili kundini wakala ananitumia habari za Randy Lew, mchezaji wa poka ya mtandaoni. Ndiyo, Januari 2012 kule Bahamas Lew aliweka rekodi ya Guinness kwa kucheza migao 23,493 ndani ya saa nane, na akamaliza na faida. Mbona hamtaji faida yenyewe? Ilikuwa dola 7.65. Mtu aliyecheza poka mtandaoni miaka mingi kama kazi, mwenye maamuzi ya mwanzo yaliyokwisha kuingia kwenye vidole, ndiye alitoka na dola saba na ushee. Ile ilikuwa ni rekodi, haikuwa somo la kumpa mtu aliyejisajili jana kwa simu. Na PokerStars wenyewe, tovuti kubwa ya poka, waliokuwa wakiruhusu meza 24, mwaka 2019 walizishusha za pesa taslimu hadi nne.

Sikatai kwamba meza nyingi zina faida kwa anayestahili. Anayeshinda blaindi 8 kwa migao 100 kwenye meza moja anapata 6 kwa saa. Akifungua nne na kiwango kikashuka hadi blaindi 4, bado anapata 12 kwa saa. Hiyo ni kweli na siipingi. Lakini soma vizuri: huyo alikuwa ANASHINDA kabla ya kuongeza, na anajua hivyo kwa rekodi ya makumi elfu ya migao. Kuongeza meza kunazidisha ulichonacho, na kama ulichonacho ni hasara, unazidisha hasara.

Ujanja mpya ni zile meza za haraka. Ukitupa karata tu unahamishiwa papo hapo kwa watu wengine. Wakala anasema "sawa, fungua moja basi", kumbe hiyo moja inatoa migao 200 na zaidi kwa saa, karibu sawa na meza tatu za kawaida. Tena huwezi kumsoma mpinzani, kwa sababu kila mgao ni sura mpya. Kwa anayejifunza ni mbaya kuliko kawaida.

Na hapa kwetu kuna umeme na bando. Umeme ukikatika una meza moja, una dau moja hatarini. Una meza nane, muda wako unaisha kwenye zote nane, karata zinatupwa zenyewe na pesa uliyokwishaweka inabaki kwa wengine. Hilo sijawahi kuona wakala akimwambia mtu yeyote.

Wadogo zangu mnaoanza: meza moja. Karata zikiisha kuoneshwa, jaribu kueleza kila aliyekuwepo alifanya nini na kwa nini. Ukiweza bila kubahatisha, fungua ya pili. Ukianza kubonyeza ili saa isikuishie, funga moja. Na yeyote akikusukuma uongeze, muulize kwanza kama alitumia kiungo chake kukusajili.

Wewe wakala, najua jukwaa hili unalisoma. Usije inbox, jibu hapa mbele ya wote: mwezi ambao vijana wako wote wametoka na hasara, wewe unalipwa au hulipwi?